Mashine pepe inapokosa kumbukumbu: dalili na visababishi kwenye Linux na KVM

Seva inayoendesha mashine pepe ina keneli (kiini cha mfumo endeshi) zaidi ya moja, na kila moja inaamini kuwa ndiyo inayogawa RAM. Keneli ya mgeni, yaani ya mashine pepe, huhesabu kurasa zake (vipande vidogo vya RAM), hujaza kashe, husukuma vitu kwenye swopu (nafasi ya diski inayosaidia RAM), na ikibanwa sana huua mchakato. Keneli ya mwenyeji, yaani ya seva yenyewe, hufanya yale yale, ila machoni pake mashine pepe nzima, pamoja na hifadhidata na seva ya wavuti zilizomo, ni mchakato mmoja tu wa QEMU, programu inayoigiza kompyuta. Keneli hizi mbili hazisemezani isipokuwa kupitia vijia vichache, tena vingi havifunguki mpaka mtu avifungue. Ndiyo maana matatizo ya kumbukumbu kwenye mashine pepe husumbua watu kwa wiki nzima: anahojiwa asiyehusika. Mtu anakodolea macho `free -m` ndani ya mgeni wakati uamuzi ulipitishwa na mwenyeji, au kinyume chake. Kwa kila dalili hapa chini, swali la kwanza ni lile lile: keneli ipi iliamua?

Maelezo haya yanahusu Linux juu ya Linux, kwa KVM (sehemu ya keneli inayoendesha mashine pepe) na QEMU, zikisimamiwa na libvirt, ambayo amri yake ni `virsh`. Ukitumia Proxmox, amri za `virsh` hutakuwa nazo, lakini chini kabisa ni KVM ile ile, na njia za `/proc` na `/sys` hazibadiliki. Mashine ya mifano nimeiita `web01`.

Kabla ya yote, endesha `systemd-detect-virt` ndani ya mgeni. Ikijibu `kvm`, endelea. Ikijibu `lxc` au `openvz`, ulichonunua ni kontena: keneli ni moja, ni ya mwenye seva, na mengi ya hapa hayakuhusu. Ikijibu `qemu`, hapo pana jambo: mashine inaigizwa kwa programu tupu bila msaada wa kichakataji, na hakuna marekebisho ya kumbukumbu yatakayoifanya iwe nyepesi. Angalia kama `/dev/kvm` ipo kwa mwenyeji, na kama VT-x au SVM imewashwa kwenye BIOS.

## Mashine imezimika ghafla, na ndani yake hakuna kosa lililoandikwa

Rekodi za mgeni zinakatika katikati ya sentensi. Hakuna `panic`, hakuna ujumbe wa kuzima. Hii ni alama ya mchakato wa QEMU kuuawa kutoka nje, na ushahidi uko kwa mwenyeji:

```
journalctl -k | grep -iE 'oom-kill|killed process'
```

Utakachokutana nacho kitafanana na hiki, nikiwa nimekifupisha:

```
oom-kill:constraint=CONSTRAINT_NONE,...,task=qemu-system-x86,pid=48213
Out of memory: Killed process 48213 (qemu-system-x86) ...
```

Jina limeishia kwenye `x86` kwa sababu keneli huhifadhi herufi 15 tu za jina la mchakato. Sehemu yenye thamani ni neno linalofuata `constraint=`, na wengi huliruka. `CONSTRAINT_NONE` maana yake seva nzima iliishiwa. `CONSTRAINT_MEMCG` maana yake seva ilikuwa na nafasi, ila cgroup ya mashine hii (kundi la michakato lililowekewa kikomo) iligonga dari. Mstari wa pili nao utaanza kwa `Memory cgroup out of memory`. `CONSTRAINT_MEMORY_POLICY` au `CONSTRAINT_CPUSET` maana yake mashine ilifungiwa kwenye nodi moja ya NUMA (fungu la RAM lililo karibu na kichakataji fulani), nodi hiyo ikajaa, huku nodi jirani pengine ina makumi ya GB yaliyolala bure. Dalili moja, tiba tatu tofauti.

Seva nzima ikiishiwa, anayeuawa si lazima awe mkosaji. Keneli huangalia zaidi nani amekalia RAM nyingi, na kwenye seva ya mashine pepe huyo karibu kila mara ni QEMU iliyo kubwa kuliko zote. Mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mwenyeji hupona kwa kumuua mgeni aliyenenepa. Mkosaji anaweza kuwa kazi ya bakapu ya saa nane usiku, au mfumo wa faili wa ZFS, ambao kashe yake ya ARC hukua sana na kwenye `free` huonekana kama kumbukumbu iliyotumika, si kashe ya kawaida. Kama una ZFS, weka kikomo cha `zfs_arc_max` kabla hujagusa kitu kingine.

Halafu fanya hesabu ya kweli. Seva ya GB 32 yenye mashine nne za GB 8 tayari imezidiwa, hata kama kwenye karatasi zinalingana. Kila QEMU inahitaji kumbukumbu juu ya RAM ya mgeni: vifaa inavyoviigiza, skrini, kashe za diski, na majedwali ya kurasa yanayotafsiri anwani za kumbukumbu. Kwa mgeni wa GB 8 aliyewekwa kwenye kurasa za KB 4, ngazi ya chini tu ya jedwali la KVM hula MB 16, na jedwali la mchakato wenyewe hula nyingine 16. Mwachie mwenyeji nafasi yake.

Kama neno lilikuwa `MEMCG`, tafuta `<hard_limit>` kwenye XML ya mashine (faili lake la mipangilio) na uiondoe. Nyaraka za libvirt zenyewe zinaonya dhidi yake kwa QEMU, kwa kuwa kikomo hicho kinahesabu mchakato mzima, siyo RAM ya mgeni peke yake, na hakuna fomula ya kukisia ziada hiyo. Kama lilikuwa la NUMA, badilisha `mode='strict'` ya `<numatune>` iwe `preferred`, au punguza mashine kwenye nodi hiyo.

Wapo wanaoshusha `oom_score_adj` (alama ya kuchagua nani auawe) ya mashine muhimu ili isiguswe. Hufanya kazi, lakini umebadilisha tu jina la marehemu.

## Mgeni anaona RAM pungufu kuliko aliyopewa

Umempa GB 8, `free -m` inaonyesha 7,800 na kitu. Hilo ni la kawaida. Keneli hutunza maelezo ya baiti 64 kwa kila ukurasa wa KB 4, karibu asilimia 1.6 ya RAM yote, yaani MB 128 kwa GB 8, na bado hujawahesabu keneli yenyewe na programu dhibiti. Ukikuta `crashkernel=` ndani ya `/proc/cmdline`, hapo pana kipande kingine kilichotengwa kwa ajili ya siku ya ajali.

Lakini GB 8 ikionekana kama 4, hilo ni puto.

Puto ni mbinu ambayo Carl Waldspurger aliieleza mwaka 2002 kwa ajili ya VMware ESX, na Linux inayo kwa jina la `virtio_balloon`. Kiendeshi hiki hukaa ndani ya mgeni, huomba kurasa kwa keneli ya mgeni kama mwombaji mwingine yeyote, kisha humwambia mwenyeji: hizi hakuna anayezitumia, zichukue. Kwenye Linux, kadiri puto linavyojaa, `MemTotal` nayo hushuka. Mtu anayeangalia kwa ndani anaapa kwamba ameibiwa.

```
virsh dominfo web01
```

`Max memory` ikiwa 8388608 KiB na `Used memory` ikiwa 4194304 KiB, puto limeshikilia nusu. Mara nyingi hakuna aliyelijaza kwa makusudi. XML ilinakiliwa kutoka mashine nyingine, `<memory>` ikapandishwa hadi 8, `<currentMemory>` ikasahaulika kwenye 4, na puto likatii kilichoandikwa. Dawa:

```
virsh setmem web01 8G --live --config
```

Kuna sura mbili za tatizo hili zinazopotosha. Ukiwa umewasha `autodeflate='on'`, yaani puto lipungue lenyewe mgeni akiishiwa, `MemTotal` haishuki; kumbukumbu ya puto inaonekana kama iliyotumika, ila ukijumlisha michakato yote hakuna anayekiri kuitumia. Wageni wa Windows nao huonyesha vivyo hivyo. Na puto lililojazwa kupita kiasi bila `autodeflate` linaweza kusababisha keneli ya mgeni iue hifadhidata yako huku mwenyeji ana nafasi tele. Ukikuta mauaji kwenye `dmesg` ya mgeni, angalia kwanza puto, ndipo uongeze RAM.

## Mgeni hana kazi, lakini RAM ya mwenyeji hairudi

Huu ni mkanganyiko zaidi kuliko hitilafu, ila ndio unaouzia watu RAM wasiyoihitaji. Endesha:

```
virsh dommemstat web01
```

Chukua matokeo ya namna hii:

```
actual 8388608
unused 5120000
usable 6840000
rss 8512000
```

Mgeni anasema GB 6.5 zinaweza kutumika. Mwenyeji anasema mchakato umeshika (`rss`) zaidi ya GB 8. Wote wawili wanasema kweli. Wakati fulani, pengine siku ya bakapu, mgeni aligusa kila ukurasa wake. Mwenyeji akauleta kwenye RAM halisi. Baadaye keneli ya mgeni iliziachilia kurasa hizo kwenye orodha yake ya ndani, orodha ambayo mwenyeji haioni. Kwake yeye, ukurasa ulioguswa mara moja ni wa QEMU hadi QEMU ife. Kuendesha `drop_caches` ndani ya mgeni kunapandisha `unused` na kuiacha `rss` palepale.

Ukiona `actual` na `rss` tu bila mistari mingine, takwimu hazijawashwa: `virsh dommemstat web01 --period 5 --live`. Zikikataa bado, kiendeshi cha puto hakipo ndani ya mgeni.

Njia nzuri ya kurudisha ni kumruhusu mgeni atangaze mwenyewe kurasa zilizo huru. Uwezo huo uliingia Linux 5.7 na QEMU 5.1, yote ya mwaka 2020, na kwenye XML ni `freePageReporting='on'` ndani ya `<memballoon>`. Naupendelea kuliko kujaza puto kwa skripti, kwa sababu hakuna mtu anayekisia kiasi. Mgeni hutoa kile ambacho kweli hakitumii, na akikihitaji anakigusa tu. Ila hutangaza vipande vikubwa, kwa kawaida vya MB 2 kwenye x86. Mgeni aliyekaa miezi mingi na kumbukumbu yake ikamegekamegeka atarudisha kidogo kuliko `unused` inavyoahidi.

Na kama `rss` haikubani, iache ilivyo. RAM isiyo na mwombaji mwingine haina hasara kukaa kwa mgeni.

## Kila kitu ni kizito, lakini `free` inasema mambo ni shwari

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa maana visababishi ni vingi na vinafanana kwa nje. Mimi hufuata mpangilio huu, kuanzia kinachoumiza zaidi.

Mwenyeji anamsukuma mgeni kwenye swopu. Ndani ya mgeni huoni kitu. `si` na `so` za `vmstat` ni sifuri, kwa sababu si yeye anayefanya swopu. Hata safu ya `st` haitakwambia: hiyo hupima muda ambao kichakataji pepe kilisubiri zamu, si muda kilioduwaa kikingoja diski ya mwenyeji. Programu inaonekana kama inafanya kazi polepole tu, bila sababu. Kwa mwenyeji jibu liko wazi (48213 ni namba ya mchakato wa QEMU):

```
grep VmSwap /proc/48213/status
```

Ikiwa na mamia ya MB na `vmstat 1` ya mwenyeji inaonyesha `si` isiyotulia, umempata. Hali huwa mbaya kabisa pale mgeni naye anapobanwa na kuamua kusukuma ukurasa kwenye swopu yake. Keneli zote mbili huchagua kwa kigezo kimoja, ukurasa ambao haujaguswa siku nyingi, kwa hiyo huelekea kuchagua ule ule. Mwenyeji alishautoa zamani. Sasa inabidi ausome kutoka diskini, auweke kwenye RAM, ili mgeni apate kuuandika diskini tena. Safari mbili za diski kwa ukurasa ambao hakuna aliyeutaka.

Angalia pia kama picha za diski zinatumia `cache='writeback'`. Kila faili analosoma mgeni hukaa kwenye kashe yake na kwenye kashe ya mwenyeji, na mara nyingine mwenyeji humsukuma mgeni kwenye swopu ili kulinda nakala hiyo ya pili. `cache='none'` inamaliza hilo. Mashine isiyovumilia kabisa unaweza kuiwekea `<locked/>` ndani ya `<memoryBacking>`, ila RAM hiyo umeitoa moja kwa moja.

Tafsiri ya anwani inafanywa kwa njia ya zamani. Anwani ya mgeni hutafsiriwa mara mbili: kutoka anwani ya programu kwenda ile ambayo mgeni anaidhania kuwa RAM, kisha kwenda RAM yenyewe. Vichakataji vyenye EPT vya Intel na NPT vya AMD hufanya hivyo vyenyewe. Bila hiyo, KVM hulazimika kutunza majedwali ya kivuli, na kila mgeni anapobadilisha jedwali lake mwenyeji huingilia. Soma `/sys/module/kvm_intel/parameters/ept` au `/sys/module/kvm_amd/parameters/npt`. Jibu liwe `Y` au `1`. Kwenye seva za leo huwa sawa. Panapoharibika ni kwenye mashine pepe iliyo ndani ya mashine pepe nyingine, mtindo wa maabara za mafunzo, ambapo mashine ya nje haikupitisha uwezo huo kwa ya ndani.

Kurasa kubwa zimevunjika. Hata ukiwa na EPT, tafsiri ambayo TLB (kashe ya tafsiri za anwani ndani ya kichakataji) haikuihifadhi ni ghali. Majedwali ya ngazi nne kwa mgeni na nne kwa mwenyeji yanaweza kudai hadi visomo 24 vya kumbukumbu ili kupata anwani moja, ilhali kwenye kompyuta isiyo na mashine pepe ni vinne. Pande zote mbili zikitumia kurasa za MB 2, ngazi moja huondoka kila upande na visomo hushuka hadi 15, tena ingizo moja la TLB linafunika eneo kubwa zaidi. Kwa mgeni mwenye hifadhidata kubwa, tofauti hiyo inasikika. Pima:

```
grep AnonHugePages /proc/48213/smaps_rollup
```

Mgeni wa GB 8 anapaswa kuonyesha sehemu kubwa ya hizo. Ikiwa karibu na sifuri, soma `/sys/kernel/mm/transparent_hugepage/enabled` kwa mwenyeji. Ikiwa `never`, kuna uwezekano mkubwa aliyeizima alisoma ushauri wa Redis, hifadhidata inayokaa kwenye RAM. Ushauri wenyewe ni sahihi: Redis hujigawa mara mbili inapohifadhi data, na kurasa kubwa huifanya inakili MB 2 pale ambapo KB 4 ingetosha. Lakini unahusu keneli ambamo Redis inaishi, yaani ya mgeni. Kwa mwenyeji rudisha `madvise` au `always`. Zote zinafaa, maana QEMU huomba kurasa kubwa kwa kauli yake.

Kama imewashwa na bado kurasa kubwa ni chache, RAM ya mwenyeji imemegeka. `thp_fault_fallback` kwenye `/proc/vmstat` itakuwa inapanda. Na `compact_stall` ikipanda pamoja nayo, mwenyeji anasimamisha kazi ili apange upya kurasa, jambo ambalo mgeni hulisikia kama kukwama kwa vipindi. Hapo `defrag` iwe `defer`, siyo `always` wala `madvise`, maana QEMU, kama tulivyosema, huomba kwa kauli yake.

Kuna kisababishi kimoja zaidi ambacho `smaps_rollup` haikionyeshi. Novemba 2019 ilitangazwa hitilafu ya vichakataji vya Intel, CVE-2018-12207, ambayo mgeni angeweza kuitumia kuiangusha seva nzima kwa kuchezea ukubwa wa kurasa zenye msimbo. KVM ikajilinda: ukurasa mkubwa ambao mgeni anataka kuendesha msimbo kutoka humo huvunjwa kuwa wa KB 4 kwenye jedwali la EPT. QEMU bado inahesabu kurasa kubwa, kichakataji hakizioni. Soma `/sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/itlb_multihit`. Ikisema `Split huge pages`, ulinzi unafanya kazi. Usiuzime kwenye seva yenye wageni usiowajua.

Kumbukumbu iko nodi nyingine. Seva ya soketi mbili ina RAM ya karibu na ya mbali. `numastat -p 48213` itaonyesha mgawanyo. Mgeni ambaye angeenea kwenye nodi moja lakini ametawanywa nusu kwa nusu atakuwa mzito leo na mwepesi kesho, kutegemea vichakataji pepe vyake vimeangukia wapi. Funga vichakataji na kumbukumbu pamoja, kwa `<vcpupin>` na `<numatune>`. Kufunga kimoja na kuacha kingine ni kubaya kuliko kutofunga kabisa.

KSM, inayounganisha kurasa zinazofanana kuwa moja, inakula kichakataji. `ksmd` ikiwa juu kwenye `top` ya mwenyeji, linganisha faili tatu ndani ya `/sys/kernel/mm/ksm/`: `pages_shared`, `pages_sharing` na `pages_unshared`. `pages_sharing` ikiwa kubwa mara nyingi kuliko `pages_shared`, inalipa. `pages_unshared` ikiizidi mno `pages_sharing`, inapekua bure. Kumbuka pia kwamba KSM huvunja kurasa kubwa ili ipate vya kuunganisha, kwa hiyo RAM uliyookoa umeilipia kwa tafsiri ya anwani. Kwa maoni yangu KSM ina mahali pamoja tu: seva yenye mashine nyingi zinazofanana za mtu mmoja, kama za darasa. Panapochanganyika wateja tofauti izime, kwa maana mteja anaweza kupima muda wa kuandika ukurasa na kujua kama jirani ana ukurasa kama huo. Ukiandika `0` kwenye `run` inasimama lakini zilizounganishwa hubaki; `2` huzitenganisha zote, na hapo RAM iliyookolewa hudaiwa kwa mkupuo. Hakikisha ipo.

## Haiwaki: `Cannot allocate memory`

Soma `/var/log/libvirt/qemu/web01.log`, ujumbe kamili uko humo. Ukitaja `backing store`, mashine inatafuta kurasa kubwa zilizotengwa na hazitoshi. GB 8 kwa kurasa za MB 2 ni kurasa 4,096. Keneli ina tabia ya kukubali ombi kimya kimya na kutoa pungufu, kwa hiyo baada ya kuandika `vm.nr_hugepages` isome tena. Pungufu hutokana na RAM kumegeka; zitenge wakati wa kuwaka, kwa `hugepages=` kwenye mstari wa keneli, hasa zile za GB 1. Na ikiwa mashine imefungwa nodi fulani, `HugePages_Free` ya jumla haikusaidii. Angalia `free_hugepages` ya nodi hiyo chini ya `/sys/devices/system/node/`.

Ukitaja `VFIO_MAP_DMA`, una kadi iliyokabidhiwa mgeni moja kwa moja, na `dmesg` ya mwenyeji pengine ina `RLIMIT_MEMLOCK` na neno `exceeded`. Kadi huandika kwenye RAM bila kupitia kichakataji, kwa hiyo RAM yote ya mgeni lazima ishikwe palepale tangu mwanzo. libvirt huongeza kikomo hicho yenyewe. Anayekwama zaidi ni anayeendesha QEMU kwa mkono akiwa mtumiaji wa kawaida. Na tangu unapoweka kadi kama hiyo, sahau puto, KSM na swopu kwa mashine hiyo.

## Kuhamisha mashine ikiwa hai kwenda seva nyingine hakufiki mwisho

`virsh domjobinfo web01` inaonyesha kilichobaki kikipungua, kisha kikipanda. Ni hesabu ya kasi tu. Mtandao wa gigabiti 1 hubeba, kwa ukomo wake, kurasa 30,000 hivi za KB 4 kwa sekunde. Mgeni akichafua (yaani akiandika upya) kurasa nyingi kuliko hizo, huwezi kumfikia, na QEMU haimsimamishi mpaka iamini kilichobaki kitapita ndani ya milisekunde 300.

`--auto-converge` humpunguzia mgeni kasi mpaka afikike. `--postcopy`, ikifuatiwa na amri ya `virsh migrate-postcopy`, humwasha upande wa pili kabla RAM yote haijafika na kumletea kurasa kadiri anavyoziomba. Ni ya uhakika, ila mtandao ukikatika katikati mashine imegawanyika pande mbili na hakuna ulio kamili. Kwenye mtandao usiotabirika ningechagua kuongeza `migrate-setmaxdowntime` na kukubali sekunde mbili za kimya.

Mashine ikibaki nzito kwa muda baada ya kuhama kushindikana, usishangae: ili kufuatilia kurasa zilizochafuliwa, KVM huvunja kurasa kubwa, na kuziunganisha tena huchukua muda.

## RAM imeongezwa, mgeni haioni

`virsh` imekubali, `free` haijabadilika. Ndani ya mgeni endesha `lsmem`. Vipande vikiwa `offline`, keneli ya mgeni imeviona ila haijaambiwa ivitumie. Andika `online` kwenye `/sys/devices/system/memory/auto_online_blocks` kwa vijavyo, na `chmem -e` kwa vilivyopo.

Hitilafu ya ajabu zaidi ni mgeni mdogo kufa kwa kukosa kumbukumbu pale pale unapomwongezea. Zile baiti 64 kwa kila ukurasa hutoka kwenye RAM aliyokuwa nayo tayari: ukimwongezea GB 64 kwa mpigo, anahitaji GB 1 nzima ya maelezo kabla hajapata ukurasa hata mmoja mpya. Mgeni wa GB 1 hana. Ongeza kwa hatua.

Ukipanga kuipunguza baadaye, tumia `online_movable`, la sivyo ukurasa mmoja tu wa keneli ndani ya kipande unatosha kukizuia kisitoke. Lakini usipitilize, maana eneo hilo halipokei majedwali ya kurasa wala vitu vya keneli yenyewe, na mgeni mwenye GB 2 za kawaida na 60 za kuhamishika anaweza kuua michakato huku `free` ikionyesha nafasi kubwa.